Jembe Bila Shamba

Mji wa Columbia, katika jimbo la Maryland, haukuota wenyewe kama miji mingi, ulifikiriwa kwanza. Mwaka 1963 James Rouse, mjenzi aliyekwisha kuchoshwa na jinsi vitongoji vya Marekani vilivyokuwa vikitapakaa ovyo, alitangaza kwamba kampuni yake ilikuwa imenunua kimyakimya maelfu ya ekari za mashamba katika kaunti ya Howard, baina ya Baltimore na Washington. Kabla ramani ya mji haijakamilika aliwakusanya wataalamu wa mambo ya jamii, akiwemo mwanasosholojia Herbert Gans, awasikilize juu ya kile ambacho binadamu anakihitaji ili aishi vizuri na wenzake. Mji ukafunguliwa mwaka 1967, mwaka mmoja kabla ya sheria ya shirikisho kupiga marufuku ubaguzi wa rangi katika nyumba, na tangu siku ya kwanza ukawapokea weusi na weupe. Mitaa ilipewa majina yaliyochotwa katika fasihi: Faulkner Ridge, Bryant Woods, hata Hobbit's Glen. Rouse alitaka kila anayefanya kazi Columbia, kuanzia mfagizi hadi mkurugenzi, aweze pia kulala Columbia.

Katika vijiji vya mwanzo masanduku ya barua hayakuwekwa kila mlango. Yalikusanywa pamoja, ili mtu akienda kuchukua barua zake akutane na jirani. Ni wazo dogo lenye uzuri wake: kwamba ujirani unaweza kusaidiwa na seremala. Lakini barua yenyewe husomwa na mtu peke yake.

Msomaji amfikirie mama wa miaka 60, mzaliwa wa pwani ya Afrika Mashariki, aliyekwisha kupata uraia wa Marekani, ambaye watoto wake ni watu wazima wenye nyumba zao. Anapanga bidhaa dukani. Mama huyu ni wa kubuni. Sheria inayomhusu si ya kubuni. Tangu Januari 2024 mshahara wa chini wa Maryland ni dola 15 kwa saa, kiwango ambacho majimbo mengi hayajakifikia. Taabu yake haiko katika bei ya saa, iko katika idadi yake. Wiki ya kwanza ratiba inampa saa 22, ya pili 18, ya tatu 14, ya nne 21. Jumla ni 75.

Sheria ya ustawi ya mwaka 1996 iliweka kwamba mtu mzima mwenye uwezo wa kufanya kazi, asiye na mtoto wa kumtunza, atapata msaada wa chakula wa serikali ya shirikisho kwa miezi mitatu tu katika kila miaka mitatu, isipokuwa afanye kazi, ahudhurie mafunzo au ajitolee kwa saa 80 kwa mwezi. Sharti hilo hapo awali halikuwagusa wenye miaka 50 na zaidi. Sheria iliyotiwa saini tarehe 4 Julai 2025 imelifikisha hadi umri wa miaka 64. Kwa hiyo mama huyu, ambaye miaka michache nyuma asingeulizwa lolote, amepungukiwa na saa tano. Kipo kipengele cha udhuru, lakini udhuru nao hudai uthibitisho, na uthibitisho hudai barua kutoka kwa yule yule aliyeandika ratiba.

Upande wa pili yupo mwajiri, naye ana hesabu zake. Sheria ya bima ya afya ya mwaka 2010 humhesabu mfanyakazi kuwa wa saa kamili akifikia wastani wa saa 30 kwa wiki, na hapo mwajiri mkubwa hutakiwa kumpatia bima au alipe faini. Hivyo mwajiri ana sababu ya kumweka chini ya 30, na serikali ina sababu ya kumtaka asishuke chini ya 20. Mama yuko katikati, na kalamu ya ratiba haiko mkononi mwake.

Wanafalsafa wamewahi kulijadili jambo hili, ila kwa mfano wa mtu mwingine kabisa. Mwaka 1988 John Rawls aliandika kwamba wanaoshinda pwani ya Malibu wakicheza juu ya mawimbi hawana haki ya kulishwa na fedha za umma. Miaka mitatu baadaye Philippe Van Parijs akamjibu kwa kuwatetea wacheza mawimbi hao. Mjadala ni mzuri na bado unasomeshwa. Kasoro yake ni kwamba pande zote mbili zilimchukua mtu anayeikataa kazi, kana kwamba huyo ndiye swali. Hakuna aliyemtazama mtu anayeitaka kazi, anayo, na bado hawezi kuitimiza kwa kipimo alichowekewa. Kant na wafuasi wake wamefundisha kwamba wajibu huambatana na uwezo: huwezi kumlaumu mtu kwa kutotenda lile asiloweza. Saa za mama huyu ni mali ya duka. Kumdai saa 80 ni kumdai deni ambalo fedha za kulilipa ziko katika mfuko wa mtu mwingine.

Itasemwa kwamba anayekula cha wote naye awape wote kitu. Hoja hiyo ina nguvu, na Mswahili hahitaji kuazima falsafa ya mbali ili kuielewa: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nyerere aliutumia msemo huo mwaka 1962 katika maandishi yake juu ya ujamaa, alipokuwa akisisitiza kwamba katika jamii ya jadi kila mtu alikuwa mfanyakazi. Mara nyingi msemo huu hutajwa kama ukali kwa mgeni. Wachache huuliza mwenyeji anafanya nini siku hiyo ya tatu. Anampa jembe, maana yake anampeleka shamba. Na jioni mgeni anarudi kula. Mwenyeji anayempa mgeni jembe, akafunga lango la shamba, kisha akamnyima chakula kwa kuwa hakulima, hajaufuata msemo huo hata kidogo.

Tanzania yenyewe imelijaribu jambo hili kwa namna yake. Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, chini ya TASAF, ulizinduliwa mwaka 2012. Pamoja na ruzuku, walengwa wenye uwezo hupewa ajira za muda, hadi siku 60 kwa mwaka, katika miradi inayoibuliwa na wanakijiji wenyewe: lambo, barabara ya kijiji, kitalu cha miti. Kaya ya kikongwe asiye na wa kumsaidia haitakiwi kutoa mtu wa kufanya kazi. Mpango huu si wa kusifiwa bila kiasi. Malipo yamewahi kuchelewa, na ujira wa siku ni mdogo mno. Lakini tofauti moja haipaswi kupita bila kutajwa: anayedai kazi ndiye anayeileta. Siku ikipungua kwa sababu mradi umechelewa kuanza, hakuna anayesema mlengwa ni mvivu. Nchi tajiri kupita kiasi imeshindwa kuwa na adabu hiyo.

Wala haiwezi kusemwa kwamba ushahidi ulikosekana. Mwaka 2018 jimbo la Arkansas liliweka sharti la saa 80 kwa mwezi kwa baadhi ya wanaotibiwa kupitia Medicaid. Taarifa zilipaswa kutolewa kwa intaneti, na tovuti yenyewe ilifungwa usiku. Katika miezi michache watu zaidi ya 18,000 walipoteza bima, hadi jaji aliposimamisha sharti hilo Machi 2019. Benjamin Sommers na wenzake wa Harvard walipochunguza matokeo, hawakuona ongezeko la ajira. Waliona kwamba karibu wote waliolengwa tayari walikuwa wanafanya kazi ya kutosha au walistahili kusamehewa. Kilichokuwa kimepimwa Arkansas ni ustadi wa kujaza fomu. Hata hivyo sheria ya 2025 imeagiza sharti kama hilo lienee katika Medicaid karibu nchi nzima kufikia Januari 2027.

Kaunti ya Howard leo ni miongoni mwa kaunti tajiri zaidi Marekani, na kodi za nyumba za Columbia zimempita mfagizi aliyewaziwa na Rouse. Gans na wenzake walizungumza mengi juu ya shule, afya na ujirani. Ratiba ya wiki, ambayo leo ndiyo inayoamua nani atakuwepo nyumbani jioni na nani atakula, ilikuwa bado haijaonekana kuwa jambo la kumhusu mjenga mji.

Mama wa mfano wetu atakwenda kwa msimamizi kumwomba saa tano. Msimamizi si mtu mbaya, huenda akampa. Duka lina idadi yake ya saa kwa wiki, nayo haiongezeki. Saa hizo tano zitatoka katika ratiba ya mwenzake, ambaye mwezi huo ana 82.