Nusu Shari na Shari Kamili

Wahenga walisema heri nusu shari kuliko shari kamili. Methali hii hutamkwa kwa wepesi, na aghalabu na mtu aliyekwisha kuamua na ambaye sasa anataka kuiliwaza nafsi yake. Lakini ndani yake mna fumbo ambalo wahenga hawakulifumbua. Nusu shari nayo ni shari. Anayeichagua ameichagua kwa mkono wake, na mkono huo hauwezi kudai baadaye kuwa haukushika kitu. Na anayekataa kuichagua, kisha shari kamili ikamfika jirani yake, naye hawezi kudai kuwa hakuwapo. Basi ni yupi katika wawili hao mwenye dhamiri salama?

Fumbo hili liliwakabili raia wa Marekani waziwazi tarehe 8 Novemba 2016, walipotakiwa kumchagua Hillary Clinton wa chama cha Democratic au Donald Trump wa chama cha Republican. Taasisi ya Gallup, ambayo kumbukumbu zake za namna hiyo zinaanzia mwaka 1956, iliona kwamba asilimia 61 ya watu wazima walikuwa na maoni mabaya juu ya Trump, na asilimia 52 juu ya Clinton. Katika muda wote huo haikupata kuona wagombea wawili wa vyama vikuu waliofika siku ya uchaguzi wakiwa hawapendwi kiasi hicho.

Kila mmoja alikuwa na mashtaka yake. Clinton, alipokuwa seneta, alipiga kura mwezi wa Oktoba 2002 ya kumruhusu Rais Bush kutumia jeshi dhidi ya Iraq. Alipokuwa Waziri wa Mambo ya Nje aliunga mkono kuingiliwa kijeshi kwa Libya mwaka 2011, na alizipitisha barua pepe za kazi katika mtambo wake wa binafsi. Na baada ya kutoka uwaziri alilipwa fedha nyingi kwa kuwahutubia wenye mabenki. Trump, kwa upande wake, hakuwa ameshika cheo chochote cha umma wala cha jeshi. Mwaka 2015 aliwasema wahamiaji wa Mexico kwa maneno ya kuwadhalilisha, na mwezi wa Desemba mwaka huo alitaka Waislamu wazuiwe kuingia nchini. Na mwezi mmoja kabla ya uchaguzi ilitolewa kanda ya mwaka 2005 ambamo anasikika akijigamba namna anavyowashika wanawake. Walikuwapo, bila shaka, waliowapenda. Wako walioona kwa Clinton uzoefu wa miaka mingi, na wako walioona kwa Trump sauti ya miji iliyofungiwa viwanda na kusahauliwa. Hao hawakuwa na fumbo. Mwenye fumbo ni yule aliyesimama katikati, akawatazama wote wawili, na moyo wake ukakataa.

Mbele ya mtu huyo palikuwa na njia tatu. Ya kwanza ni kuifuata methali: apime, achague shari aliyoiona ndogo, arudi nyumbani. Ya pili ni kumpa kura mgombea asiyeweza kushinda, kama walivyofanya watu karibu milioni nne na nusu waliomchagua Gary Johnson na karibu milioni moja na nusu waliomchagua Jill Stein. Ya tatu ni kukaa nyumbani, au kwenda kituoni na kuiacha wazi nafasi ya rais. Katika jimbo la Michigan peke yake, karatasi zipatazo 75,000 zilihesabiwa zikiwa hazina kura halali ya urais. Trump alilishinda jimbo hilo kwa kura 10,704.

Je, watu hao wa Michigan walisema nini? Wapenzi wa ushairi watalifahamu jambo hili upesi. Katika ushairi, mizani huhesabu silabi, haihesabu maana. Mshororo wa mizani kumi na sita hutimia kwa silabi kumi na sita, ziwe za hekima au za upuuzi. Maana hukaa penginepo. Na kura ni hivyo hivyo: huhesabiwa, haisikilizwi. Kura ya aliyempigia mtu kwa mapenzi na kura ya aliyempigia huku ameziba pua zina uzito mmoja sandukuni. Karatasi iliyoachwa wazi kwa uchungu wa dhamiri hailingani na shairi la malalamiko. Inalingana na karatasi iliyoachwa wazi kwa kusahau. Hapana msomaji wa kuzitenganisha.

Hapa ndipo wengi wanapokosea, wa upande huu na wa upande ule. Huidhani kura kuwa ushahidi wa nafsi, kana kwamba mtu anapoitumbukiza hutangaza mbele ya walimwengu yeye ni nani na anapenda nini. Kura haina ulimi wa kusema hayo. Kura ni kukabidhi amana: ni kusaidia kuamua nani atashika jeshi, nani atateua majaji, nani atafungua mlango wa nchi au kuufunga. Mwenye kukabidhi amana haulizwi kwanza kama anampenda anayemkabidhi. Huulizwa kama amefikiri itakuwaje amana ikiharibika, na nani ataumia.

Hata uzito wa kukabidhi huko haukugawanywa sawa. Rais wa Marekani huchaguliwa na wajumbe 538, na anayepata 270 ndiye mshindi. Nao majimbo 48 humpa wajumbe wote mgombea aliyeongoza jimboni. Kwa hiyo Clinton alipata karibu kura milioni tatu zaidi ya Trump nchi nzima na bado akashindwa, kwa kuwa aliyakosa majimbo ya Michigan, Wisconsin na Pennsylvania kwa jumla ya kura zisizofika 80,000. Aliyemchagua mgombea wa tatu katika jimbo la California, ambako matokeo yalijulikana mapema, hakufanya tendo lile lile alilolifanya mwenzake wa Michigan, ingawa mikono yao ilifanya mwendo mmoja. Maadili huangalia mahali mtu aliposimama.

Historia ya nchi hiyo inao mfano wenye uchungu zaidi. Mwaka 1844 waliogombea urais kwa vyama vikuu walikuwa Henry Clay na James Polk, na wote wawili walimiliki watumwa. Polk alitaka Texas itiwe katika Marekani, jambo ambalo lingepanua nchi ya utumwa; Clay alisitasita. Wapinga utumwa wa chama cha Liberty waliona kuwa kumchagua mwenye watumwa kwa sababu tu mwenzake ni mbaya zaidi ni kuinajisi haki yenyewe. Wakampigia James Birney, mtu aliyekuwa na watumwa zamani kisha akawaacha huru. Katika jimbo la New York Birney alipata kura 15,812. Polk alilishinda jimbo hilo kwa tofauti ya kura 5,106, na kwa jimbo hilo akaupata urais. Lau Clay angelipata, yeye ndiye angekuwa rais. Desemba 1845 Texas iliingia kama jimbo la utumwa, na mwaka uliofuata vita vikazuka baina ya Marekani na Mexico.

Vita hivyo na utumwa huo ndivyo vilivyomfanya Henry David Thoreau akatae kulipa kodi, akalala jela usiku mmoja mwaka 1846. Katika insha aliyoitoa miaka mitatu baadaye aliufananisha upigaji kura na mchezo wa dama: mtu husogeza kete kwa upande anaouona wa haki, kisha huwaachia wengi waamue, wala hajaitendea haki lolote. Ni hoja nzito, na inawagusa hasa wale wanaochagua nusu shari kisha wakalala usingizi. Lakini inawageukia wasusiaji pia. Ikiwa kura peke yake haitoshi kuwa tendo la haki, basi kuikataa kura peke yake hakutoshi vile vile. Jela ya Thoreau ilikuwa tendo. Kukaa barazani siku ya uchaguzi, kwa kujiona msafi, si jela.

Na watu wa Liberty? Mwenye kuwahukumu atazame pia waliyoyafanya baada ya 1844. Hawakwenda kulala. Wengi wao walikuwamo katika kuundwa kwa chama cha Free Soil mwaka 1848. Nacho kikawa miongoni mwa vijito vilivyomwagika katika chama cha Republican mwaka 1854. Na chama hicho kikamwingiza Abraham Lincoln madarakani katika uchaguzi wa 1860. Desemba 1865 utumwa ukafutwa katika katiba. Hapana awezaye kuapa kwamba njia hiyo ilikuwa fupi kuliko nyingine, wala hapana awezaye kuwarudishia uhai waliokufa katikati yake. Lakini walau kukataa kwao kulikuwa mwanzo wa kazi.

Linabaki swali gumu kuliko yote: shari hiyo ni nusu kwa nani? Wanazuoni wa fikihi wana kanuni mashuhuri kwamba yakikutana madhara mawili yasiyoepukika, hutendwa lililo jepesi ili kuliepuka lililo zito. Lakini wanayo na nyingine, nayo hukumbukwa kwa nadra na wanaoipenda ya kwanza: dhara haliondolewi kwa dhara mfano wake. Mtu hapati ruhusa ya kuliita jepesi dhara ambalo yeye halimfiki, kwa kuwa tu limeangukia mgongo wa mwingine. Vita vya Iraq vilipoanza mwaka 2003, waliovibeba ni watu ambao hawakuwa na kura Marekani. Libya vivyo hivyo. Na mwezi wa Januari 2017, Trump alipotia saini amri ya kuwazuia raia wa nchi saba kuingia Marekani, Yemen na Somalia zilikuwamo. Na pwani hii ina damu na udugu na nchi hizo tangu zama za majahazi. Mwenye kupima akiwaacha nje ya mizani watu wasio na kura, amepima nusu ya mzigo.

Mwaka 2024 swali hilo liliwarudia wenye kura wenyewe. Tarehe 27 Februari, katika uchaguzi wa awali wa chama cha Democratic jimboni Michigan, watu zaidi ya 100,000 walichagua nafasi isiyo na mgombea, wengi wao kwa kupinga msimamo wa Rais Biden juu ya vita vya Gaza. Biden alijitoa mwezi wa Julai, na Kamala Harris akashika nafasi yake. Mwezi wa Novemba, katika mji wa Dearborn wenye Waarabu wengi, ambao Biden aliushinda kwa wingi mwaka 2020, Harris alipata kura chache kuliko Trump, na sehemu si ndogo ikaenda kwa Jill Stein. Trump alilishinda jimbo na akaurudia urais. Ni rahisi kumwambia mtu wa Dearborn kwamba hakujua kuhesabu. Lakini aliyefiwa na jamaa zake chini ya kifusi, kisha akaambiwa kuwa msiba wake ndiyo ile nusu iliyo nyepesi, hakukosa hesabu. Alikataa mtu mwingine amshikie mizani.

Hata hivyo kanuni ile ya fikihi ina sharti moja linalopaswa kuangaliwa: madhara yawe hayaepukiki. Siku ya uchaguzi hayaepukiki, maana majina yamekwisha kuandikwa. Lakini majina hayo hayakuota yenyewe. Katika chaguzi za awali za mwaka 2016, zilizowateua Clinton na Trump, walioshiriki walikuwa chini ya theluthi moja ya wenye haki ya kupiga kura. Methali nyingine husema mchagua nazi hupata koroma. Wengi walioletewa koroma Novemba ile hawakuwapo shambani nazi zilipokuwa zikiangushwa.

Basi dhamiri haiokolewi na njia iliyochaguliwa katika zile tatu. Huokolewa au hupotea katika kinachofuata. Hatari ya anayechagua nusu shari haimo katika siku ile moja. Imo katika siku zinazofuata, pale anapoanza kuitetea, kuisifu, kuwanyamazisha wanaoumizwa nayo, mpaka anasahau kwamba aliichagua huku moyo ukimkataa. Shari iliyopewa jina la heri haina tena wa kuizuia, na kwa hivyo haibaki nusu. Na hatari ya anayekataa ni kuudhani mkono mtupu kuwa ndio mkono safi.

Mwenye kupima kwa haki, akichagua, atasema kila siku: hii ni shari, nami nilisaidia kuiweka, kwa hiyo nina deni la kuikabili. Na akikataa, atasema: sikuichagua, lakini imekuja, kwa hiyo nina deni la kuikabili. Wawili hao watakutana njiani wakienda kazi moja, na huenda wasiulizane walipiga kura gani.