Je, Haki ya Jirani Inaishia Mpakani?

Haki ya jirani tumezoea kuifundisha kwa ua na ukuta: moshi wa jiko, harufu ya mchuzi, mti uliovuka kwa mwenzio. Lakini mji nao si una jirani?

Tazama Daudi, kata ya Mbulu. Karatu ilimegwa kutoka wilaya ya Mbulu miaka ya 1990. Mwaka 2002 Mbulu ikaingizwa katika mkoa mpya wa Manyara, Karatu ikabaki Arusha. Njia iliyokuwa ya watu wa wilaya moja sasa inavuka mpaka wa mikoa. Gunia la vitunguu saumu haliujui mpaka huo, wala ng'ombe, wala maji ya mvua. Bajeti inaujua vizuri mno.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, inaruhusu vijiji jirani kuandikiana makubaliano ya matumizi ya ardhi. Vyema, ila ruhusa si wajibu. Kijiji chaweza kutenga njia ya mifugo ikaishia mpakani, na ng'ambo ng'ombe wakakutana na mahindi ya mtu.

Mtume (s.a.w.) aliamua kwamba watu wakigombania upana wa njia, iwe dhiraa saba. Ninavyoelewa mimi, mpita njia amewekewa haki yake kabla ya ukuta kujengwa, awe mwenyeji au mgeni. Kwa hiyo kiongozi anayesema "hao si wapiga kura wangu" amejibu swali la uchaguzi. La haki bado analo.