Grisi na Gundi: Je, Fundi Mzuri ni Mtu Mzuri?



Kabla sijaingia seminari nilijifunza useremala kwa mjomba wangu, hapa Simbo. Siku moja nikapasua mguu wa kitanda cha mteja, mama mmoja mjane. Mninga ni ghali, na mjomba alikuwa amesafiri. Nikachanganya gundi na unga wa mbao, nikajaza ufa, nikapiga msasa, nikapaka vanishi. Mjomba aliporudi alikikagua kitanda, akanisifu. Na kweli, nilikuwa nimeficha kwa ustadi!

Mt. Thoma wa Akwino anafundisha kwamba ufundi hutazama ubora wa kitu kinachotengenezwa, si nia ya anayekitengeneza. Basi mtu anaweza kuwa fundi mzuri na moyo wake ukawa mbovu. Sasa je, mikono na moyo havihusiani kabisa?

Tutazame ziwani kwetu. Meli tunayoiita Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande na kusafirishwa katika masanduku yapatayo 5,000. Fundi mkuu Anton Rüter na wenzake, Rudolf Tellmann na Hermann Wendt, walikuja kuiunganisha Kigoma pamoja na vibarua Waafrika. Ilishushwa majini Februari 1915, vita vikiwa vimeshaanza, ikafungwa mizinga. Julai 1916, Wajerumani wakirudi nyuma, ikaamriwa izamishwe. Mafundi waliijaza mchanga, lakini kwanza wakazipaka injini grisi nzito, kisha wakaizamisha taratibu karibu na mdomo wa Malagarasi. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini. Mwaka 2015 meli hiyohiyo ilibeba wakimbizi wa Burundi kutoka Kagunga hadi Kigoma.

Tusidanganyane: grisi ile haikupakwa kwa ajili ya wakimbizi. Ilikuwa meli ya vita, na haiwafanyi mafundi wale watakatifu. Mt. Thoma bado yuko sahihi.

Lakini linganisha. Wao waliweka grisi pasipoonekana ili kitu kibaki kizima. Mimi niliweka gundi ili isionekane kwamba kitu si kizima. Ufundi ni ufundi tu, ila wangu uligeuka uongo.

Na uongo haukubaki kwenye mbao. Mt. Yohane Paulo II, katika waraka wake Laborem Exercens wa mwaka 1981, anatukumbusha kwamba kazi humgusa pia yule anayeifanya. Ni kweli. Hata seminarini, mlezi akiniuliza juu ya sala zangu, najikuta naanza kupiga msasa.

Likizo iliyopita nikaenda kwa yule mama.

"Shikamoo mama. Kile kitanda… mguu ulikuwa na ufa, nikauficha."

"Marahaba mwanangu. Mbona ulikatika mwaka uleule?" Akainua shuka. Chini kulikuwa na tofali. "Nilikuwa nasubiri tu mwenyewe useme."

Nilimtengenezea mguu mpya wa mninga. Ule ufa mwingine niliupeleka kwa padre, kwenye kitubio.

Wewe je, kijana mwenzangu? Kwenye kazi yako, kwenye mitihani, kwenye uchumba wako: pale pasipoonekana umeweka grisi, au gundi?

Mt. Yosefu Mfanyakazi, utuombee.