Haki ya Tumbo la Mbwa

Methali mbili za Waswahili zimeshindana tangu zamani. Moja husema haraka haraka haina baraka. Ya pili hujibu kuwa ngoja ngoja huumiza matumbo. Shauri lao laweza kusikilizwa hata mbele ya bakuli la mbwa.

Mfugaji atakaye kumbadilishia mbwa chakula huelekezwa na madaktari wa mifugo atumie muda wa siku 7 hadi 10. Siku mbili za kwanza, robo ya mlo huwa chakula kipya na robo tatu cha zamani. Kisha huwa nusu kwa nusu. Kisha kipya huwa robo tatu. Mwisho huwa kipya kitupu. Sababu yake imefichika tumboni. Ndani ya utumbo huishi bakteria wasiohesabika waliozoea mlo wa kila siku, nao huhitaji muda ili kuuzoea mwingine. Mlo ukigeuzwa ghafula, mbwa aweza kutapika au kuharisha, hata kama chakula kipya ni bora kuliko cha kwanza. Jema nalo hudhuru likizidi uwezo wa mpokeaji.

Je, mbwa ni adui wa mabadiliko? Maumbile yake yakanusha. Mwaka 2013 wataalamu walionyesha kuwa mbwa wana nakala nyingi za jeni ya kusaga wanga kuliko mbwa mwitu. Ukoo wa wala nyama ulizoea nafaka za mwanadamu, lakini ulizizoea kwa vizazi vingi. Uwezo wa kubadilika mbwa anao. Asichoweza ni kubadilika kwa amri ya siku moja.

Hapa ndipo wajibu unapozaliwa. Mtu mzima asiyependezwa na chakula hunung'unika, au hutafuta kingine. Mbwa aliyefungwa uani hula alichowekewa, na shahidi wake ni tumbo lake tu. Mwenye amri juu ya kiumbe asiyeweza kukataa ana deni la kumwuliza kwa macho: kutazama kinyesi chake, hamu yake na uchangamfu wake, na kurudi nyuma hatua moja inapobidi. Uangalizi huo ni haki ya mbwa. Mfugaji asiuhesabu kuwa hisani.

Lakini polepole nayo yaweza kuwa dhuluma. Unga wa mahindi ukiingia sumukuvu, sumu ya ukungu iharibuyo ini, hakuna robo wala nusu: hutupwa siku ile ile. Asemaye, "Gunia liishe kwanza," hamhurumii mbwa. Auhurumia mfuko wake, na ubahili wake ameuvika kanzu ya subira.

Basi methali zote mbili ni za kweli, na mwamuzi wao ni swali moja: ni nani atakayeumia? Mwendo wa mabadiliko hupimwa kwa mwili wa anayeyapokea, wala haupimwi kwa raha ya anayeyaleta. Mzazi, mwalimu na mtawala hawana kipimo kingine kilicho bora kuliko hiki.