Kwaresima Imekwisha, Kiasi Kisiishe

Siku arobaini za mfungo zimepita, na Pasaka tumeisherehekea kwa shangwe kama ilivyo haki. Lakini katika nyumba nyingi za Wakristu jambo moja hutokea kila mwaka, wala halitushtui tena kwa kuwa tumelizoea. Baba aliyeacha pombe tangu Jumatano ya Majivu huirudia jioni ya Pasaka kana kwamba alikuwa akiidai. Mama aliyejinyima sukari hurudisha vijiko vitatu katika kikombe chake cha chai. Kijana aliyekwenda kwa miguu kwenye Njia ya Msalaba kila Ijumaa hupanda bodaboda hata kwa safari ya dakika kumi. Yaliyojengwa kwa majuma sita hubomoka kwa juma moja.

Wasomaji wapenzi, hatuandiki haya ili kumlaumu mtu kwa kula sikukuu. Pasaka ni sikukuu kuliko sikukuu zote, nayo ina haki ya chakula chake. Twataka kuuliza neno lingine. Mtu yule yule ambaye mwezi wa Januari alisema kwamba hawezi kupunguza chakula, hawezi kuacha soda, wala hana nafasi ya kutembea, mbona aliweza kwa siku arobaini? Na kama aliweza siku ya arobaini, ni kitu gani kinachomzuia siku ya arobaini na moja?

Swali hili si la mzaha. Uchunguzi uliofanywa nchini mwetu mwaka 2012 kwa watu wa miaka 25 hadi 64 ulionyesha kwamba mmoja hivi katika kila wanne alikuwa na shinikizo la damu, mmoja hivi katika kila wanne alikuwa na uzito uliopita kiasi, na kama tisa katika kila mia walikuwa na kisukari. Haya si maradhi ya matajiri wa mjini peke yao. Yakimpata baba, shamba huuzwa kwa ajili ya dawa. Yakimpata mama, binti huacha masomo ili amwuguze. Mguu unapokatwa kwa sababu ya donda la kisukari, nyumba nzima huchechemea.

Ni kweli kwamba si kila mgonjwa amejiletea ugonjwa wake. Urithi wa damu una sehemu yake, na umri una sehemu yake. Kwa hiyo mtu asimnyoshee mwenzake kidole kitandani. Walakini sehemu iliyo mikononi mwetu ni kubwa, na kwa sehemu hiyo tutaulizwa.

Kanisa lafundisha nini juu ya jambo hili? Katekisimu iliyotolewa mwaka 1992 yasema wazi kwamba uhai na afya ya mwili ni vipaji vya thamani tulivyokabidhiwa na Mungu, na kwamba yatupasa kuvitunza kwa busara. Yataja fadhila ya kiasi kuwa ndiyo inayotukinga na kupita mpaka katika chakula, pombe, tumbaku na hata dawa. Lakini Katekisimu hiyo hiyo yatuonya tusiufanye mwili kuwa mungu mdogo wa kuabudiwa. Basi njia ya Mkristu ina shimo kulia na shimo kushoto. Mmoja huuacha mwili uharibike, akisema roho ndiyo yenye maana. Mwingine hujitazama katika kioo asubuhi na jioni, na kumdharau jirani aliye mnene. Wote wawili wamepotea njia.

Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu. Katika waraka uo huo aliwakumbusha wakimbiaji, jinsi wanavyojizuia katika mambo yote kwa ajili ya taji linalonyauka. Mfano huo ulieleweka mara moja, maana karibu na mji wa Korintho michezo mikubwa ilifanyika kila baada ya miaka miwili, na watu walijua kwa macho yao kwamba mshindi hatengenezwi siku ya mashindano. Hutengenezwa katika siku zile ambazo hakuna ampigiaye makofi.

Hapo ndipo wengi hukosea. Hudhani kwamba kushika shabaha ya afya ni kazi ya hasira. Tarehe 1 Januari mtu huapa kwamba hatagusa wali usiku, na kwamba atakimbia kila alfajiri. Siku ya tatu viungo vyamwuma. Siku ya tano mvua yanyesha. Siku ya kumi kiapo kimekufa, naye asema, “Mimi sina nguvu ya moyo.” Mtakatifu Tomaso wa Akwino alifundisha kwamba fadhila huota mizizi kwa matendo yanayorudiwa. Kiasi ni fadhila, nayo hujengwa polepole kama mazoea mengine mema. Bandu bandu huisha gogo.

Sasa tuitazame Kwaresima kama mwalimu, maana imetuonyesha kwa vitendo mambo ambayo Januari haikutuonyesha.

Kwanza, Kwaresima ina kipimo. Sheria ya kufunga haimwambii Mkristu “ale kidogo.” Yamwambia kwamba Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu ale mlo mmoja kamili, tena yataja umri: tangu miaka 18 hadi 59. Kwa kuwa ni wazi, hushikika. Mtakatifu Benedikto naye, katika karne ya 6, alipowaandikia watawa wake kanuni, hakuwaachia kukisia. Aliwawekea ratili moja ya mkate kwa siku na vyakula viwili vilivyopikwa, ili asiyeweza kula kimoja ale kingine. Basi “nitapunguza sukari” bado si shabaha. “Kijiko kimoja kwa kikombe” ni shabaha. Pigeni hesabu wenyewe: vijiko vitatu kwa kikombe, vikombe vitatu kwa siku, ni vijiko tisa. Kijiko kidogo huchukua gramu 4 hivi, nazo zafika gramu 36 kwa siku, yaani zaidi ya kilo moja kwa mwezi, kwa mtu mmoja, katika chai peke yake! Shirika la Afya Duniani lashauri sukari ya kuongezwa isizidi gramu 50 hivi kwa siku kwa mtu mzima, na ni vema zaidi ikibaki chini ya 25. Atakayeongeza chupa ya soda juu ya chai hiyo amekwisha kuvuka mpaka kabla hajala chakula.

Pili, Kwaresima ina saa yake. Njia ya Msalaba ni Ijumaa, na kila mtu ajua hivyo. Haingojei mtu ajisikie vizuri. Shirika lilo hilo lashauri mtu mzima autumikishe mwili walau dakika 150 kwa juma, yaani nusu saa kwa siku tano, kwa mwendo wa haraka au kazi ya mfano wake. Mkulima anayeshika jembe tangu alfajiri ameshatimiza. Neno hili si lake. Ni la karani, mwalimu, dereva, mwenye duka, na sisi mapadre tunaopelekwa kwa pikipiki hadi mlangoni pa kigango. Asemaye atatembea “akipata nafasi” hataipata. Bali aliyekusudia kwenda kwa miguu sokoni kila Jumamosi, na Misa kila Dominika, na kushuka katika daladala vituo viwili kabla ya kazi, ameifunga shabaha yake kwenye jambo ambalo lazima litokee.

Tatu, Kwaresima ina wenzi. Hufungi peke yako; nyumba nzima yafunga. Tazameni sasa nyumba ambamo daktari amemwagiza mama apunguze chumvi na mafuta. Mara nyingi hupika sufuria mbili, moja ya watu wote na ndogo ya kwake, akala pembeni kama aliyeadhibiwa. Je, atadumu miezi mingapi? Afadhali mboga ya wote iwe ya chumvi kidogo, mchicha na maharage viongezwe sahanini, na ugali wa dona urudi mezani mahali pa sembe nyeupe. Chakula kimfaacho mama hakitawadhuru watoto, kitawakinga.

Taifa letu lilikwisha kujifunza nguvu ya umoja huo. Mwaka 1973, katika kampeni ya “Mtu ni Afya,” watu wapatao milioni mbili walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza radio, wakajadiliana, kisha wakakata shauri pamoja: kuchimba vyoo, kufyeka majani karibu na nyumba. Tangazo lilisikika kwa sikio, lakini choo kilichimbwa kwa sababu majirani walikuwa wameahidiana. Leo tunazo Jumuiya Ndogo Ndogo zinazokutana kila juma. Kuna ubaya gani baada ya sala wanajumuiya wakaulizana kwa upole, “Juma hili umetembea? Umekwenda kupimwa presha?”

Hapa hatuna budi kugusa desturi mbili. Ya kwanza ni ile ya kusifu kitambi. Mume akinenepa twasema maisha yamemkubali. Mke akikonda twanong’ona kwamba hatunzwi. Maneno hayo yamemrudisha nyuma mtu aliyekuwa akijitahidi vema. Ya pili ni ukarimu wetu, ambao ni johari, na Mungu apishe mbali tusiupoteze. Lakini ukarimu haupimwi kwa sahani ya tatu. Mgeni akisema ameshiba, na aaminiwe. Hata mgeni huyo akiwa padre. Na akiomba maji badala ya soda, mwenyeji asione kwamba nyumba yake imedharauliwa.

Nne, Kwaresima ina sababu iliyo kubwa kuliko sisi wenyewe. Tunachojinyima chaenda kwa maskini. Shabaha ya afya iliyosimama juu ya urembo peke yake hufa upesi, maana urembo hauna shukrani. Bali baba atembeaye ili aje amwone mwanawe wa mwisho akimaliza shule, na mama aachaye sukari ili fedha ile imnunulie mtoto mayai, wana sababu ya kuamkia hata siku ya mvua. Upendo huvumilia pale hasira inapochoka. Tena tusisahau kwamba kwa jirani fulani neno “punguza chakula” ni dhihaka, maana hana cha kupunguza. Kiasi cha mwenye nacho kisipomfikia huyo, kimebaki nusu fadhila.

Mwisho, Kanisa lajua kwamba watoto wake huanguka. Ndiyo maana lina Kitubio. Mkristu aliyekula nyama Ijumaa Kuu kwa kusahau hasemi, “Basi, Ukristu umenishinda.” Huinuka akaendelea. Mbona katika afya tuwe wakali kuliko Kanisa? Mtu amekula kupita kiasi harusini Jumamosi, naye Jumatatu aacha kila kitu! Kuteleza si kuanguka. Mwaka 1968, katika Olimpiki ya Mexico City, Mtanzania mwenzetu John Stephen Akhwari alianguka katikati ya mbio za marathoni akaumia goti. Alifungwa bendeji akaendelea, akaingia uwanjani zaidi ya saa moja baada ya mshindi, watazamaji wengi wakiwa wameondoka. Hakupata nishani yoyote, lakini hapa kwetu wangapi wamjua aliyeshinda siku ile?

Basi, ndugu wapenzi, Kwaresima imekwisha, na hatuwaombi muirudie. Twawaomba mchukue jambo moja tu kati ya yale mliyoyaweza kwa siku arobaini, mlipe kipimo, mlipe saa, mlitangaze nyumbani, na mlitolee kwa ajili ya mtu mmoja mnayempenda. Aliye mgonjwa, au atumiaye dawa, kwanza aulize daktari wake; wala asiache dawa kwa kisingizio cha kufunga au cha kuombewa, maana Mungu aponyaye ndiye aliyempa daktari akili. Na siku mtakapoteleza, kesho yake asubuhi anzeni tena. Siku ya arobaini na moja ni siku kama zile nyingine, na neema ya Mungu haina likizo.