Wapi pa Kusimama

Mtu ana akiba ya kutosha kamera moja tu. Dukani amewekewa masanduku mawili juu ya kaunta. Moja lina DSLR ya wanaoanza, pamoja na ile lenzi fupi ya milimita 18 hadi 55 inayouzwa nayo. La pili lina kamera ya zumu ndefu, ambayo lenzi yake haichomoki, na inaweza kumvuta ndege aliyetua ng'ambo ya bwawa mpaka ukamwona jicho. Muuzaji ataanza na megapikseli. Mteja wa pembeni ataleta habari za sensa. Shemeji aliyewahi kupiga picha harusi mbili naye atasema lake, tena kwa sauti. Hayo yote yana wakati wake. Tukiyaweka kando, linabaki swali ambalo muuzaji hana jibu lake kabatini: huyu anayechagua, anachagua nini hasa?

Zamani kidogo swali hili lilikuwa la watu wengi. Sasa simu imechukua picha za kila siku: mtoto aliyeng'oka jino, sinia ya pilau, stakabadhi ya benki. Anayebaki akilitafakari ni mtu mwenye hamu ambayo simu imeshindwa kuituliza, na hamu ikishachujwa hivyo huonekana vizuri ilivyo. Mwaka 2018 kampuni ya Nikon ilizivisha hamu mbili za namna hiyo plastiki nyeusi na kuziingiza sokoni kwa kufuatana. Julai ilitangaza P1000, yenye zumu ya mara 125, sawa na lenzi ya milimita 3000, kwa bei ya karibu dola 1,000. Agosti ikatangaza D3500, DSLR nyepesi ya anayeanza, kwa karibu dola 500 pamoja na lenzi yake fupi. Kampuni ni ile ile na mwaka ni ule ule, lakini kila moja inamweleza mnunuzi habari tofauti kuhusu maisha yake.

P1000 inamwambia kwamba amefika. Mlima, ndege, mwezi, uso wa mtu aliye ukingo wa pili wa mto, vyote vimo ndani, hakuna cha kuongeza. Hali hii nitaiita ukamilifu, na kwa ukamilifu sikusudii ubora, maana kitu kinaweza kuwa kamili na bado kikawa cha wastani. Nakusudia kutodai nyongeza. D3500 haina ukamilifu huo na wala haijifichi. Ukichomoa lenzi unakutana na tundu lenye pete ya chuma, na muundo wa pete ile ulianza mwaka 1959, hivyo lenzi nyingi za enzi za kabla ya uhuru wa Tanganyika zitaingia, ingawa utazilenga kwa mkono na mwanga utaukadiria mwenyewe. Tundu lile ni sehemu ya bidhaa. Anayelinunua ananunua uwezekano, yaani kitu ambacho hakipo lakini njia yake ya kuja imeshachongwa.

Je, uwezekano una thamani hata usipotimia? Wapo watu wengi ambao DSLR zao hazikuwahi kuvaa lenzi nyingine zaidi ya ile ya dukani, na ni rahisi kuwacheka. Lakini tunaujua uwezekano wa namna hii: ni kile kiwanja kilichonunuliwa Kigamboni miaka mingi iliyopita, hakijawekwa hata tofali, ila mwenyewe akikitaja hunyoosha mgongo. Hawezi kulala ndani yake mvua ikinyesha, lakini anapanga mambo yake kama mtu mwenye mahali pa kwenda. Kwa hiyo siwezi kusema kwamba hajanunua kitu. Amenunua namna ya kuutazama wakati ujao, na hilo nalo lina bei.

Tatizo ni kwamba kamera haipandi thamani kama ardhi. Mwaka ule ule wa 2018 Nikon ilianzisha pete mpya kabisa kwa ajili ya kamera zisizo na kioo, na D3500 ikaja kusimamishwa bila mrithi. P1000, ile iliyodai haihitaji nyongeza, ikapata mdogo wake, P1100, mwaka 2025. Kamera ya ahadi ndiyo iliyokatiwa ukoo, ya ukamilifu ikaendelea kuzaa. Kuna kichekesho humo, lakini pia kuna onyo kwa anayedhani uwezekano unakaa kwenye pete ya chuma. Ule uliokaa kwenye pete ulikuwa mali ya kampuni, na mwenye mali aliamua. Kama upo uwezekano mwingine ambao kampuni haiwezi kuufunga, utafutwe kwingine, na mimi nadhani unapatikana kwenye miguu ya mpiga picha, yaani pale anapoamua kusimama.

Maana tofauti kubwa kati ya kamera hizi ni kwamba kila moja inakuweka umbali wake. Mwenye lenzi fupi akitaka uso wa mama anayeparua samaki soko la Feri, Dar es Salaam, hana budi kumsogelea mpaka hatua mbili tatu, akanyage maji yenye magamba, amwamkie. Mama anaweza kumkubalia, anaweza kumwambia anunue kwanza, anaweza kumfukuza mbele za watu. Mwenye zumu ndefu anaupata uso ule ule akiwa amekaa ng'ambo, kwenye kivuli, na mama asijue kwamba amepigwa. Ukiziweka picha hizo mbili sambamba, huenda uso ukajaa fremu sawasawa. Je, wapiga picha hawa wawili walikuwa na ukaribu sawa?

Jibu la haraka ni kwamba wa kwanza alikuwa karibu na wa pili alikuwa mbali, basi. Lakini ukaribu wa hatua ni hesabu tu. Kwenye daladala tunabanana na watu ambao hatutawajua kamwe. Jibu la pili ni kwamba ukaribu ni kuona kwa undani, na hapo mwenye zumu anashinda, kwani ameziona mpaka kucha. Hilo nalo halinitoshi. Daktari huiona mifupa yangu bila kuwa jamaa yangu. Ninaloona limebaki ni hili: ukaribu ni ruhusa. Niko karibu na mtu kwa kiasi alichoniruhusu, naye akiwa na uwezo wa kuninyima. Nchi za kwetu hata nyumba iliyo wazi haiingiwi bila hodi, na mwenye nyumba akinyamaza, mgeni anarudi. Zumu ndefu inaweza kuingia bila hodi. Simaanishi kwamba ni chombo kiovu. Namaanisha kwamba imemwondolea mwenye kuitumia haja ya kusubiri jibu.

Mtu atanipinga hapa, na hoja yake ni nzito. Atasema aliyeamkiwa na kuombwa hujipanga: atavuta kanga, ataweka kidevu, atapozi. Asiyejua anatazamwa ndiye anayetupa ukweli. Nakubali kwamba ni ukweli, ila nauliza ni ukweli upi. Asiyejua hutuonyesha alivyo mchana ule, mikono ikiwa kazini. Anayejua hutuonyesha anavyotaka kukumbukwa, na hilo si uongo, ni ushahidi anaoutoa juu yake mwenyewe. Miaka ya 1990 wapiga picha wa kivukoni Likoni, Mombasa, walikuwa na vibanda vyenye mapazia ya kuchorwa, na wateja walisimama mbele ya mandhari ambayo hawakuwahi kuyafikia. Hakuna aliyedhani wamesafiri. Picha zile zinatueleza walichokitamani, na zumu kutoka ng'ambo ya feri isingekipata hata ikivutwa mara 125.

Hata hivyo ruhusa ina mipaka yake, na mpaka mmoja unauma. Mohamed Amin, mpiga picha aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943 na kukulia Dar es Salaam, aliingia kambi ya Korem, Ethiopia, Oktoba 1984, akaleta picha za njaa zilizoitikisa dunia. Alikuwa karibu kwa miguu, hilo halina ubishi. Lakini mtu aliyelazwa chini na njaa ana uwezo gani wa kukataa? Nimesema ruhusa ni ruhusa pale tu inapoweza kunyimwa, na kwa kipimo hicho ukaribu wa Korem haukukamilika pale kambini. Labda kuna ruhusa inayotolewa baadaye, kwa kile picha ilichokwenda kufanya. Misaada ilikuja, na mwaka uliofuata dunia ikakusanyika mbele ya televisheni kutazama tamasha la Live Aid. Sina uhakika kwamba hilo linalipa deni lote. Najua tu kwamba aliyesimama pale alilibeba mwenyewe mwilini, jambo ambalo aliye mbali huliepuka.

Tugeuke upande wa pili, kwani zumu ina utetezi wake, na mkubwa zaidi uko kreta ya Ngorongoro. Kule gari haliruhusiwi kuacha barabara. Faru mweusi anaweza kuwa nukta upande wa pili wa tambarare, na nukta ndivyo anavyopaswa kubaki. Faru habishiwi hodi. Jibu lake la kututaka au kutotutaka ni kule kukaa kwake mbali, na lenzi ndefu inaliheshimu jibu hilo. Kiongozi wa watalii wa Karatu mwenye P1000 mapajani hana haja ya kuomba radhi kwa mtu yeyote. Ila mtazame anapoivuta mpaka mwisho: lenzi inajitokeza taratibu kwa mlio mwembamba, fremu inaanza kuruka kwa mapigo ya moyo wake, na ikiwa ni saa saba mchana, kati yake na faru hewa ya moto inacheza, mgongo wa mnyama unayeyuka na kuungana tena. Kwa umbali ule amepiga hewa zaidi kuliko faru. Chombo kimefuta umbali kwenye kioo, lakini umbali wenyewe uko pale pale na umeacha alama yake kwenye picha.

Kamera hiyo hiyo ina mahali maalumu pa kupigia mwezi kwenye gurudumu lake la juu, na hapo huwa nawaza mabishano yetu ya kila mwaka kuhusu kuandama kwa mwezi. Wapo wanaoikubali darubini, wapo wanaotaka jicho tupu. Mimi si mtu wa kuamua jambo hilo. Naona tu kwamba waliouliza swali hilo walikuwa wameshaligusa hili letu: kuona kwa chombo ni kuona, lakini je, ni kushuhudia? Shahidi, kwa nionavyo, ni mtu aliyekuwepo kiasi cha kuweza kuulizwa.

Kuna tofauti nyingine ambayo wanaosoma orodha ya sifa huiita ya kiufundi, nami naiona ya kijamii. Sensa ya D3500 ina eneo la karibu mara 13 ya ile ya P1000, hivyo huvumilia giza vizuri zaidi, hasa ikivishwa lenzi yenye mdomo mpana. Zumu ndefu hupenda jua. Kwa hiyo mmoja amepewa nje, mchana na mbali. Mwingine akapewa ndani, usiku na karibu. Fikiria sherehe ya kupamba bibi harusi kule Mombasa au Unguja: wanawake peke yao, mlangoni simu zinakusanywa ili picha zisitoke, ndani taa za rangi, uvumba na ngoma. Anayeingia na kamera ni mwanamke mmoja aliyeaminiwa. Hakuingizwa na lenzi. Ameingizwa na miaka ya kutozitoa picha za watu. Hata hivyo DSLR ndogo inamfaa kuliko ile nyingine, kwa sababu imetengenezwa kwa ajili ya mtu ambaye tayari yuko ndani. Huyu asingehitaji zumu hata kwa bure.

Basi mchaguzi wetu pale kaunta anaulizwa, bila kuambiwa, kama vitu anavyovipenda ni vya kusubiriwa kwa mbali au vya kuingiwa kwa hodi. Wengi hatuna jibu moja, na hapo ndipo nafsi inapovutwa na zumu, kwani inatuahidi vyote na kutuondolea aibu ya kukataliwa. Mimi naitilia shaka ahadi hiyo. Aibu ile ina kazi: ndiyo inayotufundisha nani anatutaka karibu naye.

Hata hivyo kuna mtu mmoja anayeisumbua nadharia yangu. Ni mzazi aliye pembeni mwa uwanja wa shule, mtoto wake akicheza winga ya upande wa mbali. Ruhusa anayo, ameizaa mwenyewe. Miguu ndiyo haina ruhusa, mwamuzi atampigia filimbi. Lenzi ya 18 hadi 55 itampa picha ya nyasi yenye watoto kama punje za mtama, na hakuna hodi itakayomsaidia. Kwake ukaribu umetangulia, chombo kinakuja kuufuata tu, na ndiyo maana zumu mikononi mwake haimnyang'anyi mtu kitu. Huyo nitamwambia achukue sanduku la pili bila kusita. Ila atafute iliyo ndogo na nafuu kuliko P1000, kwa kuwa sijaona uwanja wa shule unaodai milimita 3000, na mtoto akibadilishwa upande kipindi cha pili, mzazi mwenye kamera kubwa hivyo atakuwa bado anairudisha lenzi ndani.