Gundi ya Akili

Kila siku baada ya swala ya Alasiri, hapa mtaani Buyenzi, mama yangu huketi barazani akichambua ndagala huku akijifunza sura mpya ya Kurani. Ana miaka 79. Jina langu humponyoka, lakini aya ya jana ameishika. Najiuliza: kumbukumbu zikipukutika, mtu yuko wapi?

Jibu nalitafuta ubongoni. Mwaka 1856 daktari Rudolf Virchow aliipa tishu inayozizunguka seli za neva za ubongo jina la neuroglia, yaani gundi ya neva. Leo tunajua kuwa gundi hiyo ni seli za aina kadhaa, na kazi yake si kushikilia tu. Astrosaiti huzilisha neva na kuimarisha miunganiko mipya. Oligodendrosaiti huzivika mafuta ili ujumbe ukimbie. Mikroglia hufagia taka. Uzeeni kazi hii huzorota, na mikroglia huchokozeka upesi, hata huweza kung'oa miunganiko mizima. Lakini kazi yenyewe haikomi.

Basi nafsi haikai katika ujumbe wa neva, ile sauti inayosikika, peke yake. Hukaa pia katika kile kinachoitunza kimya. Mama akikwama katika aya, mjukuu humtajia neno la kwanza, naye huendelea. Hapo naona kwamba sisi nasi ni gundi yake. Kumtunza mzee ni ibada, kwani hata kumbukumbu Mungu hakuiumba ijitegemee.